Je, wajua kwa nini Google waliacha kuuliza chemsha bongo kwenye intavyuu?

Zamani ukiitwa intavyuu Google ilikuwa kawaida tu, umekaa, mmesalimiana na injinia wa watu, mara anakutupia: ndege moja inaingia mipira mingapi ya gofu? Unaanza kukadiria urefu wa ndege, sijui viti uvitoe au uviache, jasho linakutoka na yeye anaandika tu kwenye laptop.

Na mchezo ulianzia hadi barabarani. 2004 waliweka bango kubwa pembeni ya barabara kuu ya 101 kule Silicon Valley, halina jina la kampuni wala nini, limeandikwa tu utafute namba tasa ya kwanza ya tarakimu 10 inayojitokeza kwenye tarakimu za e (ile namba ya hisabati inayoanza 2.718 na haiishi), halafu uweke dot com. Jibu lilikuwa 7427466391, ukiingia kwenye hiyo tovuti unakuta swali jingine, ukilitoboa na lenyewe ndo unaambiwa tuma CV.

Sasa hawa jamaa wanapima kila kitu, wakaona wajipime na wenyewe. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu pale, 2013 aliliambia gazeti la New York Times kwamba walichukua makumi elfu ya intavyuu wakaangalia kila msaili alimpa mtu maksi ngapi, wakalinganisha na huyo mtu alivyokuja kupiga kazi. Uhusiano sifuri! Kuna msaili mmoja tu aliyekuwa anapatia, na huyo ni kwa vile alikuwa anasaili watu wa fani finyu sana ambayo kinara wake duniani ni yeye mwenyewe. Maswali ya mipira ya gofu Bock akasema ni kupoteza muda, yanamfanya tu anayeuliza ajione ana akili.

Hapo nilicheka, maana mimi kuna ofisi niliulizwa ningekuwa mnyama ningekuwa nani, na kazi yenyewe ya kutunza stoo.

Walichobadilisha ni kwamba wote mnaulizwa maswali yaleyale na maksi zinatolewa kwa kipimo kilekile. Mfano unaambiwa utoe kisa cha tatizo gumu ulilowahi kulitatua. Linaonekana jepesi ila linakuvua nguo, kwa sababu hapo wanasikia ulifanya nini kweli na pia wanajua wewe kwako "gumu" ni kitu gani, kama ugumu wako ni printa kugoma basi imekula kwako.

Idadi nayo wakaipunguza, maana kuna watu walikuwa wanasailiwa zaidi ya mara 10. Walipopiga hesabu wakakuta intavyuu 4 zinatosha kuamua kwa uhakika wa asilimia 86, za ziada zinaongeza kiduchu sana. Na bosi utakayekuwa chini yake haamui peke yake kukuchukua, maelezo ya wasaili yanapelekwa kwenye kamati ya watu ambao hata sura yako hawajawahi kuiona.