Mpini wa mpingo na leza: leza haina wino

Hapa Arusha wengi huamini mashine ya leza inaandika kama printa: lete mchoro, lete mbao yoyote, jina litatokea vilevile. Ndiyo maana mtu mwenye bastola yake ya leseni huagiza vibao vya mpini (vipande vya mbao vinavyofunika pande mbili za mshikio) vya mpingo, vyenye jina la ukoo, kisha anavipokea na kuuliza, "Mbona jina halisomeki?"

Leza haina wino. Mwale wake unaunguza mbao, na mbao iliyoungua huwa nyeusi. Kwenye msonobari, wenye rangi hafifu, alama inasimama wazi. Kiini cha mpingo ni cheusi tayari, hivyo umeandika kwa mkaa juu ya mkaa. Dawa ipo, na mimi naona inapendeza kuliko mbao nyeupe: herufi ziwe nene, zichimbwe kina, zijazwe unga wa shaba uliochanganywa na gundi ya epoksi, kisha zipigwe msasa. Mwombe fundi ajaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Picha ya sura ya mtu iache kabisa. Vivuli vyake vinapotea.

Na bastola yenyewe haihitajiki karakana. Vibao vya bastola ya Colt M1911 vimeshikwa na skrubu mbili kila upande. Hakikisha haina risasi, vifungue nyumbani, peleka vibao peke yake. Silaha usimwachie fundi asiye na leseni, tafadhali. Bastola ya Glock ni habari nyingine: mpini wake ni sehemu ya fremu ya plastiki, hauna vibao vya kufungua.