Je, wajua kwa nini katika mbio za dragi za vijana anayekwenda kasi kupita ahadi yake hushindwa?

Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Iringa, alinionyesha kwenye simu video ya magari mawili madogo na membamba yakishindana kwenye mstari ulionyooka. Gari la kulia lilivuka mwisho likiwa mbele kwa kama mita moja, lakini taa ya ushindi ikawaka upande wa kushoto. Akaniuliza, "Mjomba, mbona wamemdhulumu?" Nilimjibu bila kusita kwamba mtambo wa taa ulikuwa umeharibika. Jibu hilo halikuwa sahihi, na kosa lake lilianza mbali: niliamini kwamba mbio za magari, ziwe za aina gani, huuliza swali moja tu, yaani nani ana kasi zaidi.

Mbio za dragi ni mashindano ya magari mawili yanayoanza yakiwa yamesimama na kukimbia umbali mfupi ulionyooka, kwa kawaida mita 402, na kwa vijana nusu yake, yaani mita 201. Zilikulia Marekani. Kiwanja cha Santa Ana huko California kilifunguliwa mwaka 1950 kwenye eneo la uwanja wa ndege. Mwaka uliofuata Wally Parks alianzisha NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, ambacho moja ya malengo yake ilikuwa kuwatoa vijana kwenye mashindano ya barabarani. Ligi ya chama hicho ya watoto na vijana ilianza mwaka 1992. Magari yake ni kama nusu ya ukubwa wa yale ya watu wazima, yana injini ya silinda moja, na dereva wa miaka 13 hadi 17 haruhusiwi kumaliza chini ya sekunde 7.90 wala kupita maili 85 kwa saa, yaani karibu kilomita 137.

Kosa langu la kwanza lilihusu saa. Nilidhani saa huanza kuhesabu taa ya kijani inapowaka, kama refa anapopuliza filimbi. Sivyo. Kwenye mstari wa kuanzia kuna miale ya mwanga inayokatwa na tairi la mbele, na saa ya mwendo huanza pale tairi linapoondoka kwenye mwale. Dereva angeweza kuisubiri taa ya kijani, akapiga chafya mara mbili, kisha akaondoka, na muda wa mwendo wa gari lake usingebadilika hata kidogo. Uzembe wa chafya hizo huandikwa pembeni, kama muda wa kuitikia, na ndio unaompotezea mbio. Kwa hiyo kila dereva hupimwa mara mbili: mwili wake uliitikia baada ya muda gani, na gari lake lilitumia muda gani njiani. Mlingoti wa taa, ambao wenyewe huuita mti wa Krismasi na ulianza kutumika mwaka 1963, huwasha taa tatu za manjano moja baada ya nyingine kwa tofauti ya nusu sekunde, kisha kijani. Wazoefu hawaisubiri kijani. Huondoka wanapoiona manjano ya mwisho, kwa sababu mguu na klachi navyo vina uvivu wao, na anayetangulia kijani huwashiwa nyekundu na kupoteza mbio.

Kosa la pili ndilo lililonifanya nimdanganye mtoto wa dada yangu. Katika mbio hizi kila dereva, kabla ya kuanza, hutangaza muda ambao gari lake litautumia, na muda huo huandikwa kwenye gari ili kila mtu auone. Tuseme binti wa miaka 14 ametangaza sekunde 9.50, na kijana wa miaka 16 ametangaza 8.20. Tofauti yao ni sekunde 1.30, na binti atawashiwa taa mapema kwa kiasi hichohicho. Ni kama bibi na mjukuu wanaotaka kufika sokoni pamoja saa mbili kamili asubuhi: bibi hutumia saa nzima kwa miguu, mjukuu hutumia robo saa kwa baiskeli, kwa hiyo bibi anaondoka saa moja na mjukuu anaondoka saa mbili kasorobo. Kila mmoja akiujua mwendo wake na kuutimiza, watafika mlangoni wakiwa bega kwa bega.

Hapo ndipo udanganyifu unapojipenyeza. Wakulima wa viazi wa Uporoto na Njombe wanaifahamu lumbesa: gunia linalohesabiwa kuwa moja na kulipwa kama moja, ilhali limerundikwa viazi hadi juu na kufungwa kamba kama kofia, na ziada yote anaibeba mnunuzi bure. Dereva ambaye gari lake linaweza kumaliza kwa sekunde 7.95 lakini akatangaza 8.20 amefunga lumbesa ya muda. Ametaja kidogo na kubeba kingi, na mpinzani wake atatayarishiwa nafasi ndogo kuliko anayostahili. Dawa yake ni mizani, na katika mbio hizi mizani ni saa iliyoko mwisho wa mstari: ukimaliza kwa muda mfupi kuliko ulioutangaza, umeshindwa, isipokuwa mpinzani wako naye amevunja ahadi kwa kiasi kikubwa kuliko wewe au ameondoka kwa taa nyekundu.

Turudi kwenye video. Chukua kwamba binti aliitikia kwa sekunde 0.07 na gari lake likatumia 9.52, hivyo alifika sekunde 0.09 baada ya wakati aliopangiwa. Kijana aliitikia kwa 0.12 na kutumia 8.14, hivyo alifika 0.06 baada ya wakati wake. Kijana ametangulia kwa sekunde 0.03, ambazo kwa mwendo wa magari hayo ni kama mita moja. Hata hivyo alitangaza 8.20 na kukimbia 8.14, kwa hiyo ushindi ni wa binti. Mtambo ulikuwa mzima kabisa. Ni haki kuongeza kwamba lumbesa haikufa: wapo madereva wakubwa wanaotangaza muda mrefu kidogo, kisha wakaachia pedeli ya mafuta hatua chache kabla ya mwisho huku wakimchungulia jirani.

Kwa sisi wa nyanda za juu, ugumu wa kutaja muda sahihi una utamu wake. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa ujazo, kwa hiyo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kwa hesabu ya karatasini, gari la sekunde 8.20 Dar es Salaam lingeweza kuhitaji kama 8.6 Mbeya, ingawa upinzani wa hewa nyepesi kwa gari nao ni mdogo zaidi, na fundi anaweza kubadilisha uwiano wa gia, kwa hiyo nisingeweka dau kwenye tarakimu ya mwisho. Asubuhi ya Julai yenye baridi ya nyuzi 8 na mchana wa nyuzi 22 navyo hutofautiana kwa uzito wa hewa kwa karibu asilimia 5, na hiyo pekee inaweza kuwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mara tatu ya ile mita moja ya kwenye video. Ndiyo maana kijana makini huwa na daftari la halijoto, saa na muda wa kila mbio, na huliheshimu kuliko pedeli ya mafuta.

Kuhusu usalama wenyewe, vifaa vinaeleweka haraka: kizimba cha vyuma, mkanda wa pointi tano, kamba za kuzuia mikono isitoke nje, kola ya shingo, kofia ngumu, nguo zisizoshika moto kirahisi, na swichi ya kuzima injini. Gari hukaguliwa kabla ya mbio, na dereva mpya huongezewa umbali hatua kwa hatua. Kinachohitaji tahadhari zaidi ni kujiamini. Utafiti uliofanyika Norway kuhusu mafunzo ya lazima ya kuendesha kwenye utelezi, uliochapishwa mwaka 1988, ulikuta ajali za vijana wa kiume zimeongezeka baada ya mafunzo, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba walijiona wameiva. Kwa hiyo dai kwamba kiwanja humwondoa kijana barabarani lina mantiki, lakini ushahidi wake ni mwembamba. Sheria yetu haimpi leseni ya gari mtu aliye chini ya miaka 18, na miteremko ya Kitonga na Iwambi si mahali pa kujaribia chochote.

Mimi na mpwa wangu tulianza na baiskeli, kwenye kiwanja cha mpira, mita 100, kila mtu na kofia yake ngumu na saa ya simu mkononi mwangu. Yeye aliahidi sekunde 16 na kumaliza kwa 15.2, akiwa mbele kabisa na mikono juu. Mdogo wake, aliyeahidi 24 na kumaliza kwa 24.3, alishuka kwenye baiskeli taratibu na kuja kuniomba nimwoneshe saa.