Je, wajua kwa nini kisu kinachonyoa nywele kinaweza kushindwa na tawi kavu?

Kisu changu cha kwanza nilikitengeneza kwa kipande cha msumeno mkuukuu wa mbao, nikakaa na tupa siku mbili, nikateremsha makali mpaka yakawa membamba vibaya mno, kinanyoa nywele za mkono bila maji wala sabuni, nikajiona fundi. Nikatoka nacho kwenda kupunguza tawi kavu. Mapigo matatu tu, makali yakalala upande kama ukurasa wa daftari uliokunjwa. Nikakilaumu chuma weee, kumbe chuma hakina kosa, pembe niliyoweka ilikuwa ya wembe na kazi niliyokipa ilikuwa ya panga.

Iko hivi. Makali ni kabari tu, hakuna uchawi. Kabari nyembamba inapenya bila kusukumwa sana, ila pale kwenye ncha kabisa nyuma yake hakuna chuma cha kuishikilia, kwahiyo ikikutana na kitu kigumu au ukiipinda kidogo inakunjika au inameguka. Kabari nene inahimili, ila sasa inapasua badala ya kukata, si umeshaona kisu kinachobonyeza nyanya mpaka itoe maji ndo ngozi ikubali kuachia? Ukichagua pembe unachagua wapi ukubali hasara, basi.

Kabla ya namba kuna kitu kinachanganya watu kila siku. Mtu akikwambia digrii 20, muulize ni kila upande au jumla, maana 20 kila upande ni 40 jumla na hivyo ni visu viwili tofauti kabisa. Hapa nikitaja namba ni ya kila upande isipokuwa nikisema vingine. Na kama kifaa kinanolewa upande mmoja tu, kama patasi, basi hiyo ya upande mmoja ndo jumla yenyewe.

Haya, wembe wa kinyozi ule wa kukunja unacheza kwenye jumla ya digrii 15 mpaka 20, yaani upande mmoja hauzidi 10. Visu vya jikoni vya Kijapani mara nyingi ni 10 hadi 15, vya jikoni vya kawaida 15 hadi 20, kisu cha kazi za nje 20 hadi 25, na kitu cha kupigia kwa nguvu kama shoka au cha kukatia mifupa nenda 25 mpaka 30. Hizo ni za kuanzia tu, wala usizishike kama sheria.

Maana namba peke yake inadanganya. Kisu cha nyumbani kina miteremko miwili: ule mkubwa unaoanzia mgongoni au katikati ya bapa, na ule mdogo mwembamba wa kwenye makali yenyewe. Wengi tunahangaika na huu mdogo halafu huo mkubwa tunauacha mnene. Chukua bapa lenye unene wa milimita 3 mgongoni na upana wa milimita 30, ukiliteremsha moja kwa moja toka mgongoni mpaka likutane, kila upande hautimizi hata digrii 3! Jumla hata 6 haifiki, ni nyembamba kuliko wembe, ndo maana hatuishii hapo, tunaacha unene wa kama nusu milimita kwenye ukingo halafu tunaweka mteremko mdogo juu yake. Ukiacha milimita 1 nzima, hata uweke 15 safi kisu kitakata karatasi vizuri lakini kwenye karoti kitakwama na kuipasua, kwasababu kinachokwama ni unene wa nyuma ya makali. Kwa maoni yangu unene huo ndo siri kubwa kuliko digrii zenyewe, na hauonekani kwa macho mpaka ushike kipimo.

Kingine ni chuma chenyewe. Chuma laini, kama msumeno wangu ule, kikiwa chembamba kinakunjika. Chuma kigumu mno hakikunjiki, kinameguka na kukuachia mapengo, na hapa wanaotengeneza kisu kwa tupa kuukuu ndo wanaumia sana, tupa inatoka kiwandani ikiwa ngumu kama kioo, usipoipasha tena kwenye oveni, kama digrii 200 za joto kwa saa mbili hivi, hakuna pembe itakayokuokoa. Halafu ukiwa kwenye grainda chovya majini kila mara, makali yakishageuka bluu ujue joto limepita na ugumu wa pale umeondoka, utanoa pembe yoyote unayotaka na kesho ni butu.

Kupima bila kifaa mbona rahisi. Kona ya karatasi ni 90, ikunje katikati unapata 45, kunja tena unapata 22 na nusu, isimamishe pembeni ya kinoo iwe kielelezo chako. Njia ninayoipenda mimi ni ya mgongo: laza kisu kwenye kinoo, inua mgongo kwa robo ya upana wa bapa unapata karibu 15, ukiinua kwa theluthi unapata karibu 20. Bapa la upana wa milimita 40 ina maana unainua milimita 10 upate digrii 15, na milimita 13 na kitu upate 20, ila upime mpaka katikati ya unene wa mgongo sio ukingo wake wa chini. Kisha paka wino wa makapeni kwenye mteremko na upitishe mara mbili tatu, wino ukifutika juu tu upande wa bapa umelaza sana, ukifutika kwenye ncha tu umeinua sana. Endelea upande mmoja mpaka usikie kwa kidole gumba, ukikitoa mgongoni kuelekea makali, kiuzi cha chuma kinakwaruza upande wa pili, ndo ugeuze.

Sasa uanzie wapi kama hujui? Anza chini. Kisu cha jikoni weka 15, cha nje weka 20, kitumie kwa kazi yake halisi, halafu elekeza makali juu chini ya taa. Makali mazima hayaonekani, ni mstari mweusi tu, ukiona vidoa vinang'aa ujue hapo pamelala au pamemeguka. Ongeza digrii 2 au 3, unapitisha mara chache tu kwenye kinoo na kimebadilika, tena chuma kilichotoka hukioni hata kwa macho. Kuteremka toka 25 kwenda 15 ndo balaa, ni kusaga mteremko wote upya, jioni nzima imeisha.

Ule msumeno wangu ninao bado. Ulianza kutulia nilipofika kama 22, na nywele haunyoi tena.