Polisi mlangoni bila hati: sheria inasemaje?

Tukienda kutoa elimu ya sheria sokoni na kwenye mikutano ya mitaa, iwe Mwanjelwa au Mafinga, swali halikosekani: "Wakija hawana karatasi ya hakimu, si naruhusiwa kuwakatalia?"

Tuanze na hiyo karatasi ya hakimu, yaani hati ya upekuzi: si lazima itoke kwa hakimu. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ambayo ni Sura ya 20 ya sheria za Tanzania, mkuu wa kituo cha polisi anaweza kupekua mwenyewe, au kumpa askari wake ruhusa ya maandishi, akiwa na sababu za msingi za kushuku kwamba ndani kuna kitu kinachohusiana na kosa. Baadaye anapaswa kumtaarifu hakimu kwa nini aliitoa na nini kilipatikana. Kwa hiyo ukioneshwa karatasi yenye saini ya mkuu wa kituo, usiichane ukidhani ni ya kughushi.

Na wasipokuwa na karatasi yoyote? Ibara ya 16 ya Katiba inataka maskani ya mtu yaheshimiwe, lakini inaruhusu sheria kuweka utaratibu wa kuingiliwa. Sura ya 20 inamruhusu askari kuingia bila hati pale tu jambo ni zito na la haraka, na akichelewa ushahidi utapotea au kuharibiwa. Chukua mfano wa askari wa doria aliye nje ya uzio Ilomba, akasikia harufu ya gongo na kuona madumu yanamwagwa chooni. Akienda kituoni kuandikiwa hati, atarudi akute madumu yameshasuuzwa. Huyo ana haki ya kuingia.

Sasa geuza. Polisi wamepewa taarifa Jumatatu kwamba kuna mbao za wizi kwenye stoo fulani Mafinga. Wanakuja Alhamisi, mikono mitupu, na kusema ni dharura. Dharura gani ya siku tatu? Mbao za kujaza fuso hazimwagwi chooni. Hapo ndipo wakili humbana shahidi wa polisi, na Mahakama ya Rufani imewahi kuukataa upekuzi wa namna hiyo. Ila msijipe moyo kupita kiasi: hakimu ana hiari ya kupima kama ushahidi uliopatikana kwa kukiuka utaratibu upokelewe au la. Kesi haifutiki yenyewe.

Kuhusu usiku, hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya jua kuchomoza na jua kuzama, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Sheria imetaja jua, haikutaja saa, na Mbeya mwezi wa Juni jua huchomoza karibu saa moja asubuhi. Anayegonga saa kumi na moja alfajiri amekuja usiku.

Kumkamata mtu ni habari nyingine. Askari mwenye mamlaka ya kukamata, akiamini mtuhumiwa yumo ndani, akijitambulisha na kueleza shida yake, unatakiwa umfungulie. Ukigoma anaweza kuvunja mlango. Na mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha.

Kwa hiyo usizibe mlango. Uliza jina, kituo na sababu, omba kuona kitambulisho, kisha mwite mwenyekiti wa mtaa au jirani asiye ndugu yako aje kushuhudia. Asisimame uani akipiga soga. Aingie chumba kwa chumba, aone kila kitu kinapookotwa.

Nguvu zako nyingi ziweke kwenye karatasi ya mwisho, ile ya orodha ya vitu vilivyochukuliwa. Sheria inataka askari atoe stakabadhi, nawe mwenye nyumba au ndugu yako wa karibu msaini, pamoja na mashahidi waliokuwepo. Watu huisaini kwa hofu, pengine kwenye boneti la gari, bila kuisoma. Isome. Kama imeandikwa "simu moja", omba iandikwe aina na rangi. Kama ni fedha, zihesabiwe mbele yako na kiasi kiandikwe. Kitu ambacho hakikutoka kwako, sema hapo hapo, shahidi akisikia. Na mistari iliyobaki wazi chini ya orodha, omba ipigwe kalamu kabla hujaweka saini yako.