Kutamani Enzi Kisiasa: Maana Yake kwa Mfano wa Tanzania ya Miaka ya Sabini

Kutamani enzi kisiasa ni hali ya kundi la watu, chama au kiongozi kuuchukua muongo fulani uliopita, kuuondolea mapungufu yake, na kuufanya kipimo cha kuuhukumu utawala uliopo. Hali hii hutofautiana na kumbukumbu za mtu anayeukumbuka ujana wake, kwa sababu kumbukumbu za namna hiyo hazimdai mtu mwingine chochote, ilhali kutamani enzi kisiasa hudai: sheria fulani irudishwe, kiongozi wa aina fulani achaguliwe, au makosa ya leo yahesabiwe kuwa usaliti wa jambo lililokwisha kufanikiwa. Si lazima pawepo uongo. Mara nyingi kila kinachotajwa ni kweli, na kinachopotosha ni kutenganishwa kwa mema yanayotamaniwa na nguvu iliyoyaleta, kana kwamba mema hayo yalijitokea yenyewe.

Mfano ulio karibu na wasomaji wengi ni Tanzania Bara ya kipindi kilichoanzia Azimio la Arusha la Februari 1967, tamko la chama tawala cha TANU la siasa ya ujamaa na kujitegemea, hadi vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979. Wanaokisifu kipindi hicho husema kwamba viongozi hawakujilimbikizia mali, mtoto wa mkulima alisoma bila karo, na jina la nchi lilikuwa na uzito mbele ya mataifa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililobuniwa. Miiko ya Uongozi ilimkataza kiongozi kumiliki hisa katika makampuni, kuwa na mishahara miwili au kujenga nyumba za kupangisha. Karo za shule za msingi zilifutwa mwaka 1973, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaweka lengo la kila mtoto kuandikishwa shule ifikapo mwaka 1977. Madarasa ya kisomo yaliwafikia watu wazima kwa mamilioni, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujisomea, ilichimbisha vyoo katika vijiji ambavyo havikuwahi kuwa navyo. Reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika), na uhuru wa Msumbiji wa mwaka 1975 ulipita katika kambi na bandari za Tanzania.

Ni mafanikio yanayostahili kutajwa, na kuyabeza ni kutowatendea haki walioyatolea jasho. Hata hivyo ni lazima kuuliza yaliwezekanaje.

Yaliwezekana kwa sababu dola iliweza kukifikia kila kijiji bila kupingwa na chama kingine, baraza la mtaa, ushirika au gazeti. Bara ilikuwa na chama kimoja kisheria tangu mwaka 1965. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani ilikuwapo tangu mwaka 1962. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, ambao kwa kweli uliyahamishia madaraka kwa watendaji wa serikali kuu, na vyama vikuu vya ushirika vikafutwa mwaka 1976. Mkulima aliyejengewa zahanati hakuwa na mahali pa kusemea pale amri nyingine ilipomfikia kwa njia ileile.

Amri hiyo ilikuja mwaka 1973, TANU ilipoamua kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji vya pamoja ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Kabla ya hapo kuhamia kijiji cha ujamaa kulielezwa kuwa ni hiari, ingawa hiari hiyo ilikuwa imekwisha kutiwa mashaka: siku ya Krismasi ya mwaka 1971 mkulima mmoja wa Isimani, Said Mwamwindi, alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, katika mgogoro wa kilimo cha ujamaa, naye baadaye akanyongwa. Operesheni Vijiji ilipopamba moto, watu walipakiwa kwenye malori pamoja na vyombo vyao, na katika sehemu nyingine nyumba zao zilibomolewa au kuchomwa ili wasirudi. Baadhi walishushwa mahali pasipo na maji, mbali na mashamba yao. Ukame wa mwaka 1973 na 1974 uliwakuta katika hali hiyo, na nchi ikalazimika kuagiza mahindi kutoka nje kwa kiasi kilichozidi tani 200,000 katika msimu mmoja. Ugali wa unga wa njano, ambao watu waliupachika jina la unga wa yanga, umebaki katika simulizi za wazee kuliko hotuba nyingi za wakati huo.

Tukio linaloonyesha vizuri zaidi jinsi mema na mabaya yalivyofungamana ni lile la Shinyanga. Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977, na hadi leo kujiuzulu kwake hutajwa kila waziri anapong'ang'ania kiti baada ya kashfa. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini wengi wanaoitaja hawasemi alijiuzulu kwa sababu gani: raia waliokamatwa katika msako wa mauaji ya vikongwe waliteswa na vyombo vya dola, na baadhi yao wakafia mikononi mwa walinzi wao. Anayekitamani kipindi kile kwa uwajibikaji wake anaitamani nusu ya tukio. Ile nusu nyingine ni mahabusu.

Suala la bei nalo huelezwa nusunusu. Ni kweli kwamba sukari, sabuni na vitenge viliuzwa kwa bei ndogo, kwa kuwa Tume ya Bei iliyoundwa mwaka 1973 ndiyo iliyoipanga. Bei iliyopangwa chini ya gharama huiondoa bidhaa dukani, na kadiri fedha za kigeni zilivyopungua ndivyo bidhaa zilivyohamia kwa walanguzi. Mwaka 1976 serikali ilijaribu pia kuyafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili maduka ya ujamaa yashike nafasi yao, na Operesheni Maduka ikalazimika kusitishwa baada ya uhaba kuzidi. Usawa wa wakati ule kwa kiasi fulani ulitokana na miiko, na kwa kiasi fulani ulitokana na kutokuwapo kwa cha kununua.

Hapa wanaoukashifu muongo huo nao hukosea kwa namna inayofanana. Foleni ndefu na kadi za maduka ya kaya huwekwa katika miaka ya sabini, ingawa dhiki yenyewe ilikomaa kati ya mwaka 1979 na 1985. Nyuma yake palikuwa na kupanda kwa bei ya mafuta mara mbili, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na gharama za vita. Kuubandika muongo mzima lawama za miaka iliyofuata, na kuzitundika zote kwenye neno ujamaa, ni kutamani enzi kulikogeuzwa: enzi inayotukuzwa ni ile ya ruksa iliyofuata, ya kulegezwa kwa biashara chini ya Rais Mwinyi. Isitoshe, muongo haukuwa mmoja kwa watu wote. Zanzibar, ambako Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa Aprili 1972, inaikumbuka miaka hiyo kwa mgawo wa chakula na hofu ya kusema, na si rahisi kumpata Mzanzibari wa rika hilo anayeisimulia kwa sauti ya mtu wa Butiama, kijiji alikozaliwa Nyerere.

Kenya inayo sura yake ya jambo hili. Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979, hutajwa kwa mapenzi makubwa na waliokuwa wanafunzi, wakati jengo la Nyayo House la Nairobi, ambako watu walizuiliwa na kuteswa katika vyumba vya chini, na uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, ambao wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea, hukumbukwa na watu wengine kabisa. Wote wanaizungumzia serikali ileile ya Rais Daniel arap Moi.

Jambo la kushangaza, au pengine si la kushangaza hata kidogo, ni kwamba wengi wanaoitamani Tanzania ya miaka ya sabini hawakuiona. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, ile ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7, wengi wao wakiwa wamezaliwa baada ya mfumo wa chama kimoja kuondoka. Kwao kipindi kile ni jina la kitu wanachokikosa leo, na ndiyo maana kinaweza kutumiwa na pande zinazopingana. John Magufuli aliurejesha uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamia Dodoma, na bwawa la umeme la mto Rufiji likapewa jina la Julius Nyerere. Mwaka huohuo wa 2015 alioingia madarakani, chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo kilikuwa kimetangaza Azimio la Tabora kwa kuliiga waziwazi lile la Arusha. Upande mmoja ulichukua mkono mzito na miradi mikubwa, mwingine ukachukua usawa na maadili.

Nyerere mwenyewe hakuusifu muongo huo kupita kiasi ulipokuwa ukiendelea. Katika tathmini yake ya mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio, alikiri kwamba Tanzania haikuwa ya kijamaa wala haikuwa imejitegemea, na alilalamikia uzalishaji mdogo na uzembe wa mashirika ya umma.

Kwa hiyo anayedai enzi irudi anapaswa kuulizwa sehemu gani ya enzi anaitaka, na kama inaweza kusimama bila zile nyingine. Bei za mwaka 1975 haziwezi kusimama bila Tume ya Bei na upungufu wake. Kasi ya kujenga vijiji haiwezi kusimama bila malori. Miiko ya Uongozi ni ya namna nyingine. Ililegezwa na Halmashauri Kuu ya CCM katika kikao cha Zanzibar cha mwaka 1991, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ikaweka mahali pake wajibu wa kutangaza mali badala ya katazo la kuzilimbikiza. Katazo lile halikuhitaji kumhamisha mtu yeyote kijijini kwake, wala halihitaji chama kimoja ili lirudi. Linahitaji muswada, na wabunge watakaokubali liwahusu wao wenyewe.