Kwa nini paka katolewa nje, na chafya bado zipo?

Mpwa wangu wa miaka 9 alikuja likizo kwa bibi yake Ujiji akiwa mzima kabisa. Bibi anafuga paka, kama nyumba nyingi za Kigoma zinazoweka dagaa: asipokuwepo yeye, panya watakula kabla yenu. Haikupita nusu saa, macho ya mtoto yakawa mekundu, kope zimevimba, anasugua pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, chafya juu ya chafya. Bibi akasema, "Manyoya hayo, mjukuu wangu," akamtoa paka nje na kufunga mlango. Chafya hazikukoma. Usiku wa manane kifua kikaanza kulia kama filimbi.

Bibi hakukosea kumshuku paka, ila manyoya ni mbebaji tu. Kinachosumbua hasa ni protini iitwayo Fel d 1, iliyomo kwenye mate ya paka na kwenye vitezi vya mafuta vya ngozi yake. Mtazame anavyojilamba: kila ulimi unapopita, mate hayo yanabaki mwilini. Yakikauka hubanduka pamoja na vigaga vya ngozi, yakawa vumbi jepesi mno usiloliona, linaloelea hewani kwa saa nyingi na kunasa kwenye godoro, pazia, chandarua na nguo. Ndiyo maana mtoto anaweza kusumbuka hata darasani, mahali ambapo paka hajawahi kuingia. Vumbi limekuja na sare ya mwenzake wa dawati moja.

Kwa watu wengi hilo ni vumbi tu. Mwenye mzio (aleji), mwili wake ulishalihesabu kuwa adui, ukatengeneza kingamwili zinazolisubiri juu ya seli maalumu za pua, macho na mapafu. Likigusa tu, seli hizo humwaga kemikali iitwayo histamini. Puani, mishipa midogo hutanuka, kamasi jepesi kama maji likachuruzika, kisha pua ikaziba. Machoni, utando mwembamba wa ndani ya kope huvimba na kuwasha, na kadiri mtoto anavyofikicha ndivyo muwasho unavyozidi.

Kifuani ndiko kunakonitia hofu. Misuli inayozunguka njia ndogo za hewa hujikaza, kuta zake huvimba, na ute mzito hujaa katika nafasi iliyobaki. Hapo ndipo unapotoka ule mluzi mtu akitoa pumzi. Tena lipo wimbi la pili: muda wa saa 4 hadi 8 baadaye, seli nyingine za kinga hufika na kuongeza uvimbe. Mpwa wangu alimbeba paka mchana, pumu ikambana usiku, na jirani akadhani ni upepo wa ziwani.

Vidonge vya mzio kama setirizini hutuliza pua na macho, lakini havifungui kifua kilichobana. Hiyo ni kazi ya dawa ya kuvuta, salbutamoli, na bahati nzuri ilikuwa kwenye begi lake. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, apelekwe hospitali papo hapo.

Na paka? Hata angehama siku ile, protini yake ingebaki ndani ya nyumba kwa miezi, mara nyingi 4 hadi 6. Kwa hiyo bibi alianza na chumba cha kulala: shuka, pazia na chandarua vikafuliwa, mtoto akapewa godoro jingine, na sakafu ikapigwa deki badala ya kufagiliwa kwa fagio kavu linalotimua vumbi. Paka sasa analala stoo, karibu na magunia ya dagaa.