Tope ni lile lile, sumu hubadilika

Swali tunaloulizwa sana kuhusu tope la hori za Mombasa ni moja: lina metali nzito kiasi gani? Ni swali la haki, hasa kwa watu wanaokumbuka madhara ya metali ya risasi kwa wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Lakini kiasi peke yake hakitoshi kutoa jibu. Shaba au kadimiamu ile ile inaweza kutulia msimu mmoja na kudhuru msimu mwingine, na wa mwanzo kuumia ni nematodi.

Hawa ni minyoo duara wa baharini, wengi wao hawafiki hata milimita 3. Hawamdhuru mtu, hula bakteria na mwani, nao huliwa na kamba na samaki wachanga. Tukichuja tope la mikokoni kwa chekeche la matundu ya mikromita 38 na kulitia rangi, hujitokeza chini ya darubini kama nyuzi za waridi zilizojikunja. Kwa kuwa maisha yao yote yamo ndani ya tope, hawana pa kukimbilia.

Chumvi ndiyo inayonishughulisha zaidi. Bahari yetu ina takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Kloridi, sehemu mojawapo ya chumvi hiyo, hushikana na kadimiamu, ikabaki kidogo tu iliyo huru, na hiyo huru ndiyo ipenyayo mwilini kwa wepesi. Masika yakiingia, Mto Kombeni humwaga maji matamu katika hori ya Tudor na Mto Mwache humwaga katika hori ya Port Reitz. Kloridi hupungua, kadimiamu nyingi zaidi huachiliwa, na wakati huo huo mnyoo anatumia nguvu zake kusawazisha maji ya mwili. Mvua hizo hizo husomba uchafu mpya kutoka barabarani na majaani.

Joto nalo huongeza kasi ya mwili kufyonza sumu, hasa wakati wa kaskazi maji yanapokupwa na tope kubaki juani.

Oksijeni ina mambo yake. Tope jeusi linalonuka mayai viza lina salfaidi, kemikali yenye salfa, ambayo hushika shaba, zinki, risasi na kadimiamu zisiyeyuke. Spishi nyingi haziwezi kuishi humo kwa kukosa hewa, ila metali zimefungiwa. Lichimbueni tope hilo, kama inavyofanyika bandari inapoongezwa kina, likutane na oksijeni: salfaidi huvunjika na sehemu ya metali hurudi majini. Huko Makupa, daraja lilichukua nafasi ya tuta mwaka 2022 na maji yanapita tena. Nimelifurahia jambo hilo kwa dhati. Hata hivyo, kando yake ni Kibarani, palipotupwa taka miaka mingi, na tope la pale linahitaji kufuatiliwa hali inapobadilika.

Tusihesabu maiti tu. Mnyoo anaweza kuishi lakini akataga mayai machache, au watoto wake wakachelewa kukua. Spishi dhaifu zikitoweka, sugu huongezeka, na jumla ikaonekana nzuri. Kwa hiyo sampuli zichukuliwe masika na kiangazi, spishi zitambuliwe, na chumvi, joto na oksijeni viandikwe papo hapo. Ripoti ya metali isiyo na vipimo hivyo mimi siwezi kuitumia kuidhinisha uchimbaji wowote.